Mkereketwa na Chama Chake: Sarufi ya Uaminifu katika Siasa za Tanzania



Awali ya yote naomba kuishukuru Idara kwa kunipa heshima ya kutoa mhadhara huu wa hadhara. Nimefundisha mofolojia ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa kawaida watu wanaokuja kusikiliza habari za viambishi hutosha katika chumba kidogo kuliko hiki. Yamkini wengi wenu mmevutwa na neno "chama" lililomo katika anwani. Hata hivyo, ninaahidi kwamba viambishi navyo vimo.

1.0 Utangulizi

Marehemu shangazi yangu alikuwa mwanachama wa chama kimoja cha siasa tangu ujana wake hadi alipofariki dunia. Kadi yake aliihifadhi katika sanduku la mbao pamoja na kanga zake nzuri. Ada alilipa kila mwezi, mpaka ilipofika siku ambapo hakuna tena aliyekuja kuidai. Wakati mmoja wa kampeni nilimkuta amekaa barazani, akiwatazama wageni wa chama chake wakiingia nyumba ya jirani. Jirani huyo alijulikana na mtaa mzima kuwa mtu mwenye mashaka. Walikaa kwake muda mrefu, wakamsikiliza, wakamwahidi. Walipotoka, mmoja wao alimpungia shangazi mkono kutoka barabarani na kusema kwa sauti, "Bibi huyu ni wetu!" Kisha wakapita. Shangazi aliniambia, "Mwanangu, ukishakuwa wa mtu, huamkiwi tena."

Kauli hiyo nimekaa nayo miaka mingi. Kwanza niliichukua kuwa ni manung'uniko ya mzee. Baadaye niliona kuwa imebeba hoja nzima ya kisiasa, na kwamba hoja hiyo imejificha katika kitenzi. Shangazi hakusema "hawaniamkii". Alitumia kauli ya kutendwa, kauli ambayo mtenda hatajwi, na anayetajwa hafanyi bali hufanyiwa.

Katika mhadhara huu ninakusudia kujadili uhusiano baina ya vyama vya siasa na wapigakura wao waaminifu kuliko wote. Hoja yangu ni moja. Mpigakura ambaye kura yake ina hakika hupoteza nafasi ya mtenda na kuwa mtendwa; na chama kinachomgeuza kuwa mtendwa hushindwa hatimaye kutambua lini uaminifu wake umekwisha. Nitaanza na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, kisha nitaingia katika historia.

2.0 Majina Mengi ya Mtu Mmoja

Kiswahili kina majina kadhaa ya mtu aliyejifunga na chama: mwanachama, mfuasi, shabiki, kada na mkereketwa. Majina haya hayana uzito sawa.

"Mwanachama" ni neno ambatani la mwana na chama, kama vile mwananchi, mwanafunzi na mwanamaji. Katika maneno ya namna hii "mwana" halidokezi uzazi, bali kuwamo katika kundi. Hata hivyo, harufu ya uzazi haijatoweka, na ndiyo maana viongozi hupenda kukifananisha chama na mama, au na nyumba. Mwana ana haki ya kudai kwa mzazi, lakini hana uhuru wa kujichagulia mzazi mwingine. "Mfuasi" linatokana na kitenzi fuata. Ni mtenda, lakini mtenda ambaye daima yuko nyuma. "Shabiki" tumelizoea zaidi katika uwanja wa mpira, ambako mtu hubaki na timu yake hata ikifungwa mabao matano. "Kada" ni neno la kigeni lililotujia na lugha ya vyama vya ukombozi na vya kijamaa. Kada ni mtu aliyeandaliwa na kufundwa. Chuo cha Kivukoni, kilichoanzishwa mwaka 1961, kilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Neno la tano ndilo linalonishughulisha zaidi. Mitaani mwetu tumeviona vibao chini ya miembe na pembeni mwa vijiwe, vyenye maneno "shina la wakereketwa" pamoja na jina la chama na bendera iliyopauka kwa jua. Kitenzi "kereketa" maana yake ya msingi ni ya mwili: ni kule kuwashwa kooni, kama ugoro au moshi unavyofanya. Anayekereketwa hawezi kutulia, kwani kuna kitu kinamchoma ndani. Kutokana na hapo tumepata maana ya sitiari, yaani mtu ambaye jambo la chama linamwasha kiasi kwamba hawezi kunyamaza.

Tazameni umbo lake: m-kereket-w-a. Kiambishi -w- ni cha kutendwa. Neno hili limo katika familia moja na mteuliwa, mshitakiwa, mfiwa, mpendwa, mfungwa na mtumwa. Wote hao wametendwa jambo na mwingine. Lilinganisheni na "mpigakura", neno ambalo ndani yake mtu anapiga, anafanya, anaamua. Kisarufi, basi, mtu mmoja huyo huyo akiitwa mpigakura ni mtenda, na akiitwa mkereketwa ni mtendwa. Sidai kwamba sarufi ndiyo iliyoleta hali ya siasa zetu. Ninachosema ni kwamba wasemaji wa lugha, bila kukaa kikao, wamelipa jambo hili jina linalolistahili.

Kuna pia kivumishi kinachoambatana na majina haya pande zote mbili za mpaka wetu na Kenya, nacho ni "sugu". Tunasema mfuasi sugu kama tunavyosema ugonjwa sugu au mhalifu sugu. Lakini sugu, kabla ya yote, ni ile ngozi ngumu kiganjani mwa mkulima, iliyotokana na kusuguliwa na mpini. Sifa yake ni kwamba haisikii maumivu. Hapa kuna jambo la ajabu. Mkereketwa ni mtu anayesikia mno, na sugu ni sehemu isiyosikia kitu, nasi tunatumia maneno yote mawili kwa mtu yule yule. Mimi naona si makosa. Ni hatua mbili za maisha: mtu huanza kwa kukereketwa, akasuguliwa miaka nenda miaka rudi, akawa sugu. Kwa nje huwezi kuwatofautisha. Wote wamevaa fulana ile ile.

3.0 Chama Kilipomhitaji Mtu Wake

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 kutokana na TAA, haikuwa na ruzuku wala magari. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga nayo, hivyo wasomi wengi waliogopa kadi. Mwalimu Julius Nyerere alilazimika kuacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955. Mwaka huo huo Bibi Titi Mohamed alianza kuwaandikisha wanawake wa Dar es Salaam kwa kupitia vikundi vyao vya ngoma, nao wakaingia kwa maelfu. Chama kiliishi kwa viingilio, ada na michango ya watu hao. Kwa kuwa kilikula mikononi mwao, kililazimika kuwasikiliza. Huo si upole wa viongozi, ni hesabu ya kawaida.

Msamiati wa muundo wa chama unaonyesha fikra hiyo. Katika miaka ya 1960 TANU ilijipanga kwa nyumba kumi kumi, kila kundi na balozi wake. Ngazi ya chini ilikuja kuitwa shina, na iliyo juu yake tawi. Mti hupandisha maji kutoka chini. Aliyechagua neno shina kwa ajili ya watu wa chini kabisa alikiri, kwa kujua au kwa kutojua, kwamba matawi hayawezi kuishi bila wao.

Hata baada ya mfumo wa chama kimoja kuwekwa kisheria mwaka 1965, mpigakura mwaminifu hakuwa mtendwa mtupu. Katika uchaguzi wa Septemba 1965 majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili wa chama hicho hicho, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wananchi walimwangusha hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Waliomwangusha hawakukikataa chama. Walikipenda chama, na kwa kukipenda wakamwondoa mtu wake. Hapo uaminifu ulikuwa na kitenzi cha kutenda.

Muongo mmoja baadaye, mwaka 1975, Katiba ya nchi ilirekebishwa na ukuu wa chama ukaandikwa ndani yake. Usemi uliotamba ulikuwa "chama kushika hatamu". Hatamu ni kamba ya kumwongozea mnyama. Neno "siasa" nalo, katika Kiarabu lilikotoka, lina uhusiano na kazi ya kuwatunza na kuwazoeza farasi. Na katika Kiswahili cha zamani kufanya jambo kwa siasa kulimaanisha kulifanya kwa upole na uangalifu. Mtunza farasi mzuri humsikiliza farasi. Lakini katika usemi wa kushika hatamu aliyetajwa ni mpandaji peke yake. Aliyefungwa hatamu hakutajwa, wala hatukuuliza.

4.0 Baada ya Mwaka 1992

Mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa tena. Mtu angetarajia kwamba ushindani ungempa mkereketwa thamani mpya. Kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo, hasa katika miaka ya kwanza ambapo vyama vichanga viliishi kwa jasho la watu wake. Lakini taratibu nne zilizofuata zimemrudisha barazani.

Ya kwanza ni ruzuku. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ilileta fedha za serikali kwa vyama, na baadaye mgawo wake ukafungamanishwa na kura na viti vya ubunge. Nia ilikuwa njema, kwani chama kisichokuwa na fedha hununuliwa na matajiri. Tokeo lisilokusudiwa ni kwamba ada ya mwanachama imekuwa kitu kidogo kisichostahili nauli ya kuifuata. Anayelipia mboga ana sauti jikoni. Ada iliponyamaza, sauti nayo ilififia.

Ya pili ni takrima. Neno hili la asili ya Kiarabu lina maana ya kumkirimu na kumheshimu mtu. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliliingiza ili kuhalalisha ukarimu wa kimila wakati wa kampeni. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliyatangaza masharti hayo kuwa ni kinyume cha Katiba. Sheria ilikwisha, mazoea hayakwisha. Kanga, kofia, fulana na sahani ya pilau vimekuwa ndiyo mazungumzo yenyewe kati ya chama na mtu wake. Aliye na mashaka hupewa hoja. Asiye na mashaka hupewa kofia.

Ya tatu ni kura za maoni. Huu ndio mlango ambao kwao mkereketwa angeweza kuwa mtenda, kwa kuwa ndani ya chama kura yake haina hakika. Mwaka 2010 CCM iliwaruhusu wanachama wake wote kushiriki kuwapendekeza wagombea ubunge. Ilipofika mwaka 2020 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wajumbe wa mikutano, na vikao vya juu vikawaacha baadhi ya waliokuwa wameongoza. Chama kina haki ya kuwachuja wagombea, na mara nyingine aliyeongoza ameongoza kwa fedha. Lakini mtu aliyeulizwa swali na kisha jibu lake likawekwa kando bila maelezo, amefanyiwa jambo baya kuliko asiyeulizwa kabisa.

Ya nne ni mlango wa kutokea. Sheria zetu zinamtaka mgombea adhaminiwe na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi mahakamani tangu miaka ya 1990, na mwezi Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwa upande wake. Hata hivyo hadi uchaguzi wa mwaka 2025 mgombea binafsi hakuwapo katika karatasi zetu za kura. Mwanauchumi Albert Hirschman, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1970, alieleza kwamba mtu asiyeridhika na chombo chake ana njia mbili, kuondoka au kusema, na kwamba uaminifu ndio unaomfanya aseme kabla ya kuondoka. Tukifunga mlango wa kusema na kuupunguza ule wa kuondoka, tunabaki na uaminifu ambao hauna kazi.

5.0 Mifano Miwili

Mabibi na mabwana, naomba sasa tutazame matukio mawili ambayo yaliwajaribu wakereketwa wa pande mbalimbali.

Tukio la kwanza ni la mwaka 2015. Mwezi Julai, vikao vya CCM mjini Dodoma viliondoa jina la Edward Lowassa katika orodha ya waliotaka kugombea urais. Baadhi ya wajumbe waliimba ukumbini kuonyesha imani yao kwake, lakini uamuzi haukubadilika. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amejiunga na CHADEMA, akawa mgombea wa umoja wa upinzani. Kwa miaka kadhaa CHADEMA kilikuwa kimejijenga kwa kampeni dhidi ya ufisadi, na Lowassa alikuwa miongoni mwa watu ambao chama hicho kiliwataja hadharani mwaka 2007. Mwenyewe alizikana tuhuma hizo daima, wala hakuhukumiwa na mahakama. Suala langu halihusu hatia yake bali wale waliokuwa wamesimama juani miaka minane wakilirudia somo walilofundishwa. Somo lilibadilishwa juu, wao wakaarifiwa. Katibu Mkuu, Dkt. Willibrod Slaa, alijiondoa katika siasa za vyama. Wengi walibaki, wakapiga kura, na Lowassa akapata zaidi ya kura milioni 6, karibu asilimia 40. Kwa hesabu za uchaguzi, viongozi walikuwa sahihi. Kwa hesabu ya uaminifu, walikuwa wametumia akiba ambayo hairudishwi kwa urahisi. Mwezi Machi 2019 Lowassa alirejea CCM, na lugha iliyosikika ilikuwa ya kurudi nyumbani. Waliompigia kura kwa imani walibaki mlangoni mwa nyumba ambayo haikuwa yake.

Wahenga walisema, ukipenda, chongo huita kengeza. Mkereketwa anaweza kuita chongo kengeza. Hawezi kuambiwa leo ni chongo, kesho ni kengeza, na keshokutwa aulizwe ni nani aliyesema kuna jicho.

Tukio la pili ni la mwaka 2019. Chama cha CUF kilikuwa kimegawanyika kwa muda wa miaka mitatu. Tarehe 18 Machi, baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu uliomtambua Profesa Ibrahim Lipumba kuwa mwenyekiti, Maalim Seif Sharif Hamad alitangaza kuhamia ACT-Wazalendo. Unguja na Pemba ofisi zilibadilishwa rangi na bendera zikateremshwa, kwa kaulimbiu ya kushusha tanga na kupandisha tanga. Sitiari hiyo ni ya watu wa pwani, nayo yafaa izingatiwe. Tanga si chombo. Tanga hubadilishwa ili chombo kiendelee na safari. Ilisema kwamba chama kilichoandikishwa kwa Msajili si kitu kile kile ambacho watu walikuwa wamekipenda. Wafuasi hawakuhamishwa kama mizigo, kwani walikuwa na safari yao na walimwona nahodha anaelekea kule kule. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2020 ACT-Wazalendo kiliingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Maalim Seif akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais mwezi Desemba. Alifariki Februari 2021.

Kwa haraka matukio haya yanafanana, kwani kiongozi amehama na watu wamefuata. Tofauti imo katika kile kilichobaki palepale. Mwaka 2019 madai yalibaki na jina likabadilika. Mwaka 2015 jina lilibaki na madai yakabadilika. Mkereketwa huvumilia kubadilishiwa jina. Kubadilishiwa kile kinachomkereketa ni jambo jingine.

6.0 Ngome na Ukimya

Vyombo vya habari, hasa vya Kenya, hupenda kuita eneo lenye wafuasi wengi "ngome" ya chama. Ngome maarufu kuliko zote katika pwani yetu ni Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Mwalimu wa historia atawakumbusha kwamba jengo hilo hilo liligeuzwa kuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Kuta hazikubadilika, kilichobadilika ni upande ambao ufunguo ulikaa. Anayeishi katika ngome ya chama na aulize kama yeye ni mlinzi au mfungwa, maneno mawili ambayo moja ni la kutenda na jingine la kutendwa.

Kenya inatupa pia onyo. Mwaka 1988 chama cha KANU kiliendesha mchujo kwa mlolongo: wanachama walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea au wakala wake, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Ulikuwa uaminifu unaoonekana kwa macho. Miaka minne baadaye, katika uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, Rais Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, kwa sababu wapinzani wake waligawanyika. Waliokuwa wakihesabiwa katika foleni na waliokuwa wakikipenda chama hawakuwa watu wale wale.

Hapa kwetu onyo lilikuja kwa namna ya kimya zaidi. Mwaka 2005 Rais Jakaya Kikwete alipata zaidi ya kura milioni 9, sawa na asilimia 80. Mwaka 2010 alipata kura milioni 5 na ushei. Zilikuwa zimepungua karibu milioni 3.8. Je, zilikwenda upinzani? Kura za wagombea wengine wote kwa jumla ziliongezeka kwa chini ya milioni moja. Nyingi hazikuhama, hazikupigwa. Idadi ya waliojitokeza ilishuka kutoka asilimia 72 hadi asilimia 43 hivi ya walioandikishwa. Sababu zilikuwa nyingi, kasoro za daftari zikiwamo, wala sitaki kulibebesha jambo moja mzigo wote. Lakini katika hesabu hiyo naiona baraza ya shangazi. Watu hawakumchagua jirani, walikaa.

Mwaka 2025 swali lilikuja kwa sura nyingine. CHADEMA kilikataa mwezi Aprili kutia saini kanuni za maadili ya uchaguzi kikidai mageuzi kwanza, na Tume ikatangaza kuwa hakitashiriki. Tarehe 29 Oktoba mkereketwa wake hakukuta alama ya chama chake katika karatasi ya kura. Siku hiyo na zilizofuata kulitokea ghasia, na watu walipoteza maisha. Mhadhara wa isimu si mahali pa kutoa hukumu juu ya vifo. Ninaloweza kusema kama mwanafunzi wa lugha ni kwamba kitu kinachokereketa hakikomi kwa kuwa kikohozi kimekatazwa.

7.0 Hoja Pinzani

Yupo atakayeniuliza: je, ni vema chama kiwasikilize wakereketwa? Hao aghalabu ndio wakali na wasiotaka suluhu. Nchi ni ya wote. Tena methali yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Chama kinachomhudumia mgeni hukua, na mwenyeji hufaidika pamoja naye.

Hoja hii ina nguvu, nami nina mfano unaoipa nguvu zaidi. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyokusanya maoni mwaka 1991, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka mfumo wa chama kimoja uendelee. Tume ilipendekeza vyama vingi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwasisi wa chama, alikuwa upande wa mabadiliko. Kama uaminifu ungekuwa amri, tusingebadilika.

Lakini tuangalie jinsi lilivyofanyika. Watu waliulizwa, idadi yao ilitangazwa, na sababu za kwenda kinyume na wengi zilielezwa, hata wale walioshindwa wakajua kwamba wamesikika. Kumsikiliza mtu si kumtii. Simwombei mkereketwa utawala. Ninamwombea jibu. Kuhusu methali ya mgeni, wahenga waliweka neno "apone" kwa mwenyeji. Mgeni akija mwenyeji asipone, methali imevunjwa.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba lugha yetu imemweka mpigakura mwaminifu katika kauli ya kutendwa, na kwamba historia imemweka hapo hapo kwa hatua zinazojulikana: ada ilipokosa maana, zawadi zilipochukua nafasi ya hoja, maoni yake yalipokusanywa na kuwekwa kando, na mlango wa kutokea ulipofanywa mwembamba. Nimeonyesha pia hasara yake kwa chama chenyewe, yaani kushindwa kutofautisha kati ya mkereketwa na sugu mpaka siku ya kuhesabu.

Dawa haiko mbali. Chama chochote kinaweza kuanza kwa mambo matatu: kukusanya ada hata kama ni ndogo, kutangaza matokeo ya kura za maoni pamoja na sababu za kuyageuza pale yanapogeuzwa, na kuwaeleza wanachama wake mabadiliko ya msimamo kabla ya kuyasoma magazetini. Hakuna lililo geni hapo. TANU ya mwaka 1955 isingeweza kuishi wiki moja bila kuyajali mambo ya namna hiyo.

Kiswahili, kwa bahati nzuri, hakina kauli ya kutenda na ya kutendwa tu. Kina pia kauli ya kutendana, ile yenye kiambishi -an-, ambamo hakuna mtenda peke yake wala mtendwa peke yake: kusikilizana, kuulizana, kuwajibishana. Shangazi yangu, aliposema kwamba huamkiwi tena, hakuwa akitaka kanga nyingine. Alikuwa nazo za kutosha sandukuni. Alitaka wapande barazani wakae. Kwa desturi ya kwao, mkubwa huamkiwa naye huitikia, na habari za nyumba zikaulizwa pande zote mbili kabla ya shughuli yoyote kutajwa. Huko ndiko kuamkiana.